Ukitafuta muziki mpya wa Ureno, shika uzi wa mji na lebo

Fungua programu ya muziki kwenye simu yako, andika "muziki wa Kireno", kisha sikiliza utakachopewa. Aghalabu utapelekwa Brazil kwanza: samba, bossa nova, sertanejo, funk ya Rio de Janeiro. Ukivuka hapo utakutana na fado, mwimbaji mwenye shali jeusi begani na gitaa la Kireno la nyuzi 12 likilia pembeni yake. Vyote ni muziki mzuri. Lakini kama ulichokuwa ukikitafuta ni bendi ya vijana wa Lisbon, Porto au Leiria iliyotoa albamu mwaka huu, umetoka mikono mitupu, na ni rahisi kuamini kwamba bendi hizo hazipo.

Zipo, tena nyingi kuliko mtu angetarajia kwa nchi ya watu takriban milioni 10. Kinachozificha ni njia yenyewe ya kutafuta. Brazil ina watu zaidi ya milioni 200, na kwa mashine inayopanga mapendekezo Kireno ni Kireno tu, haijali kimeimbwa upande gani wa bahari. Ni kama mgeni aandikaye "muziki wa Kiswahili" akaletewa Bongo Fleva kutoka juu hadi chini, asijue kabisa kwamba kuna udi unaopigwa Zanzibar, taarabu ya Mombasa, na Waswahili wa Lubumbashi wenye magitaa yao. Mkubwa humfunika mdogo, hasa wanapotumia lugha moja.

Fado nayo ina kivuli chake. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2011, na tangu hapo, hata kabla ya hapo, ndiyo sura ambayo Ureno huonyeshwa nayo kwa wageni. Naipenda fado na sitaki kuitolea kasoro. Ninachosema ni kwamba mtu akikupa fado peke yake na kukuambia huu ndio muziki wa Ureno, amekuonyesha sebule akakuficha nyumba nzima.

Nimeufuatilia muziki huu kwa miaka kadhaa kutoka mbali, bila kuwa na ndugu Ureno wala kukijua Kireno vizuri. Jambo moja ndilo lililonifungulia mlango: bendi mpya za huko hazipatikani kwa kuangalia chati, wala kwa kusubiri programu ikuletee. Zinapatikana kwa kujua zimetoka mji gani na zinatolewa na lebo ipi, yaani kampuni inayotoa rekodi zao. Muziki wa Ureno unakua katika vikundi vidogo vya marafiki. Ukimpata mmoja, unawapata kumi.

Indi na pop, na kwa nini ukuta kati yao ni mwembamba

Neno indi limetokana na kujitegemea. Ni muziki unaotolewa na lebo ndogo, au na wanamuziki wenyewe, bila mkono wa kampuni kubwa za kimataifa. Pop ni muziki uliokusudiwa kupendwa na wengi. Marekani au Uingereza pande hizi mbili zinaweza kuishi bila kukutana, kwa sababu soko ni kubwa na kila upande una wateja wa kuulisha. Ureno soko ni dogo. Mpiga ngoma wa bendi ya indi usiku wa leo anapiga kwenye ukumbi wa watu mia mbili, wiki ijayo yuko nyuma ya mwimbaji wa pop kwenye televisheni, na mwezi unaofuata anarekodi albamu ya rafiki yake. Mtunzi yule yule anaandika wimbo mgumu wa bendi yake na wimbo mtamu wa mashindano ya taifa. Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza hii ni indi au ni pop. Uliza nani alipiga, nani alirekodi, nani alitoa.

Swali la lugha ndilo mzizi

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu bila kulielewa jambo hili utashangaa kwa nini bendi moja ya Ureno ina albamu tatu za Kiingereza kisha ghafla ya nne ni ya Kireno.

Kireno cha Ureno humeza irabu. Chukua neno "telefone". Mbrazili hulitamka kwa silabi zake zote, wazi na taratibu. Mtu wa Lisbon huziminya irabu zisizo na mkazo hadi zinakaribia kutoweka, na unachosikia ni konsonanti zikigongana. Sisi tunaozungumza lugha ambayo karibu kila silabi huishia na irabu tunaweza kuusikia ugumu huo papo hapo: Kiswahili hukaa juu ya mpigo bila kulazimishwa, neno "ninakupenda" lina ngazi tano na kila ngazi ina mahali pa kuweka sauti. Kireno cha Lisbon hakina ngazi za wazi namna hiyo. Ndiyo maana kwa miongo mingi wanamuziki wa huko walibishana kama roki inaweza kuimbwa kwa lugha yao wenyewe.

Mabishano hayo yana historia. Hadi tarehe 25 Aprili 1974 Ureno ilikuwa chini ya udikteta, na nyimbo zilipita kwenye udhibiti wa serikali. Mapinduzi ya siku hiyo yenyewe yalianzishwa kwa ishara za redioni: wimbo wa Paulo de Carvalho "E Depois do Adeus" uliopigwa usiku wa tarehe 24, kisha baada ya saa sita usiku "Grândola, Vila Morena" wa José Afonso, uliowaambia wanajeshi waondoke kambini. Sijui nchi nyingine ambayo vijana wake wamekua wakifundishwa kwamba wimbo uliwahi kufungua milango ya magereza kwa maana halisi. Jambo hilo liliupa wimbo wa Kireno uzito wa kisiasa, lakini pia liliufanya uonekane ni wa watu wazima wenye gitaa kavu na ujumbe.

Mwaka 1980 Rui Veloso wa Porto alitoa albamu "Ar de Rock", yenye wimbo "Chico Fininho" ulioandikwa maneno na Carlos Tê. Ulikuwa wimbo wa mtaani, kwa Kireno cha mtaani, na ulivunja boma. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata zikajitokeza au zikapata nguvu UHF, Táxi, GNR, Heróis do Mar, Xutos & Pontapés. Katikati yao akatokea António Variações, kinyozi kutoka kijiji cha kaskazini aliyekuwa na saluni Lisbon, asiyejua kusoma nota, aliyetaka muziki wake uwe katikati ya Braga, mji wa kaskazini, na New York. Alitoa albamu mbili tu, 1983 na 1984, akafariki Juni 1984. Kama utasikiliza msanii mmoja tu wa zamani kabla ya kuingia kwa wapya, msikilize huyu. Karibu kila bendi ya leo inayochanganya kijiji na mashine za umeme inatembea juu ya njia aliyoifyeka. Mwaka 2004 kundi la Humanos, lililowakusanya Camané wa fado, Manuela Azevedo wa bendi ya Clã na David Fonseca, lilirekodi nyimbo alizoziacha bila kutolewa, na kizazi kipya kikamjua upya.

Miaka ya 1990 upepo ukageuka. Vijana walikuwa wanatazama MTV na wanataka kusikika nje ya nchi, na Kiingereza kikawa nauli. The Gift wa Alcobaça waliimba Kiingereza. Silence 4 wa Leiria, bendi ya David Fonseca, walitoa "Silence Becomes It" mwaka 1998, karibu yote kwa Kiingereza, na iliuzwa mno. Waliobaki na Kireno walikuwepo, na muhimu kuliko wote ni Ornatos Violeta wa Porto. Walitoa albamu mbili, 1997 na 1999, wakavunjika. Lakini ya pili, "O Monstro Precisa de Amigos", ikawa kama kitabu cha shule kwa wanaoandika roki kwa Kireno.

Kurudi kwa Kireno kulitokea mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Mwaka 1999 Tiago Guillul, mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, alianzisha lebo ndogo iitwayo FlorCaveira. Rekodi zao za mwanzo zilifanywa kwa vifaa hafifu, kwa bei ndogo, bila aibu yoyote. Walichofanya ni kuandika kwa Kireno cha kawaida, chenye utani wa nyumbani na imani na kero, wakakiweka juu ya magitaa ya panki na nyimbo za watu. Kutokana na mduara huo wakaja Samuel Úria, Os Pontos Negros na B Fachada. Ukiwasikiliza kwa mpangilio unasikia kitu kinafunguka: hawapigani tena na lugha yao. Hizo irabu zilizomezwa wanazitumia kama ngoma. B Fachada hasa huimba kana kwamba anazungumza na mtu aliyeketi meza moja naye, na konsonanti zinafanya kazi ya kayamba.

Baada ya hapo wengine wakavuka upande mmoja baada ya mwingine. Luís Nunes aliwahi kuishi London akiimba Kiingereza kwa jina la Walter Benjamin. Alirudi Ureno, akaweka makazi Alvito huko Alentejo, akakata jina likabaki Benjamim, na mwaka 2015 akatoa "Auto Rádio" kwa Kireno. Glockenwise, bendi ya magitaa ya Barcelos, walitoa albamu tatu za Kiingereza kabla ya "Plástico" ya mwaka 2018 kuwa ya Kireno. Isikilize hiyo pamoja na za mwanzo. Magitaa ni yale yale, lakini mwimbaji amepata uso.

Kuna sheria pia iliyosaidia, ingawa haikuumba wimbi hili. Sheria namba 7 ya mwaka 2006 iliagiza redio za Ureno zipige muziki wa Ureno kwa kiwango cha kati ya asilimia 25 na 40. Ndani ya fungu hilo, angalau asilimia 60 uwe umeimbwa kwa lugha ya Kireno, na asilimia 35 uwe umetoka ndani ya miezi 12 iliyopita. Angalia sharti hilo la mwisho. Bila hilo, redio zingejaza fungu lao kwa nyimbo za miaka ya 1980 ambazo kila mtu anazijua. Kwa kudai wimbo mpya, sheria iliacha mlango wazi kwa bendi ambayo haijulikani bado, na bendi iimbayo Kireno ilipata mlango mpana zaidi kuliko iimbayo Kiingereza.

Namna ya kufuata uzi

Nichukue mfano mmoja niufuate mpaka mwisho. Capitão Fausto ni bendi ya Lisbon iliyotoa albamu ya kwanza, "Gazela", mwaka 2011. Ikaja "Pesar o Sol" mwaka 2014, yenye magitaa yanayozunguka na vinanda vinavyoyeyuka, kisha 2016 "Capitão Fausto Têm os Dias Contados", ambapo walipunguza moshi wakaandika nyimbo fupi, safi, kuhusu vijana wanaogundua kwamba ujana unaisha. Hiyo ndiyo ningempa mgeni kwanza. Mwimbaji wao, Tomás Wallenstein, ana sauti isiyojitutumua, na maneno yake yanashika hata kwa anayeyafuata kwa kamusi. Wamefika hadi "Subida Infinita" ya mwaka 2024.

Mtu wa kawaida angeishia hapo: amepata bendi, ameipenda, basi. Lakini tazama nyuma ya jalada. Lebo ni Cuca Monga, na Cuca Monga ni ya kwao wenyewe pamoja na marafiki, mtaa wa Alvalade. Ukiingia kwenye orodha ya lebo hiyo unakuta Ganso, Zarco, Luís Severo, Rapaz Ego, pamoja na vikundi vya pembeni vya wanachama wa Capitão Fausto wenyewe, kama Modernos na El Salvador. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, walikusanyika wote chini ya jina la Conjunto Cuca Monga wakatoa albamu "Cuca Vida". Albamu hiyo moja ni mlango wa nyumba nzima: unasikia sauti usiyoijua, unamtafuta mwenyewe, unamkuta na albamu zake mbili tatu. Luís Severo nilimpata kwa njia hii hii ya lebo, na leo ndiye ninayemsikiliza kuliko wengine wote, kwa jinsi anavyoweza kuimba habari ya mapenzi yaliyoshindikana bila kumlaumu mtu.

Lisbon hiyo hiyo ina kikundi kingine chenye tabia tofauti kabisa. Cafetra Records ilianzishwa na marafiki waliokuwa wadogo mno, na muziki wao una vumbi na kelele. Kiini chake ni Pega Monstro, dada wawili, Maria na Júlia Reis, gitaa na ngoma tu. Baada ya hapo wote wawili wameendelea kila mmoja na kazi zake. Kama Cuca Monga wanapenda wimbo uliopigwa pasi, Cafetra wanapenda wimbo uliotoka kitandani.

Sasa toka mji mkuu, maana kosa kubwa ni kudhani kila kitu kiko Lisbon. Leiria ni mji wa wastani katikati ya nchi. Huko kuna lebo ya Omnichord Records, nyumba ya First Breath After Coma, na ya Surma, msichana mmoja jukwaani na vifaa vingi, aliyetoa "Antwerpen" mwaka 2017 akiimba mara nyingine kwa lugha isiyokuwepo. Ukikumbuka kwamba Silence 4 walitoka mji huo huo, utaelewa kwa nini UNESCO iliuingiza Leiria katika miji bunifu ya muziki mwaka 2019. Mji unapotoa bendi moja iliyofanikiwa, vijana wanaofuata huona inawezekana. Wanabaki na studio, fundi wa sauti, ukumbi, na kaka mkubwa wa kumuuliza.

Kaskazini kuna Barcelos, mji ambao watalii wanaujua kwa jogoo wa udongo aliyepakwa rangi. Wapenda kelele wanaujua kwa Glockenwise na Black Bombaim, na kwa tamasha la Milhões de Festa lililowahi kuwafanya watu wacheze roki ndani ya bwawa la kuogelea. Lebo ya kufuata upande huo ni Lovers & Lollypops, iliyo pia miongoni mwa waandaaji wa tamasha la Tremor katika kisiwa cha São Miguel, visiwa vya Azores, tangu 2014. Coimbra, mji wa chuo kikuu kikongwe, una mila yake ya rokandroli chafu kuanzia Tédio Boys wa miaka ya 1990 hadi The Legendary Tigerman. Braga ina Mão Morta, waliokuwepo tangu 1984. Kila mji una sauti yake, na bendi changa ya mji huo, hata ikikataa, huwa na chumvi ya mahali.

Shindano la taifa kama mlango wa mbele

Kila mwaka televisheni ya umma, RTP, huandaa Festival da Canção kuchagua wimbo wa kwenda Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya. Ureno iliingia Eurovision mwaka 1964 na ikaambulia sifuri. Ikaendelea kushiriki kwa zaidi ya nusu karne bila kushinda. Mwaka 2017 RTP ilibadilisha utaratibu, ikawaalika watunzi wa aina nyingi, wakiwemo wa upande wa indi na jazi, na kuwaachia wachague waimbaji wao. Luísa Sobral aliandika "Amar pelos Dois", akampa mdogo wake Salvador. Wimbo wa taratibu, kwa Kireno, na vinanda vya kizamani. Jukwaani hakuna mcheza dansi wala moto. Ulishinda Eurovision huko Kyiv kwa pointi 758, nyingi kuliko wimbo wowote kabla yake.

Tangu hapo shindano hili limekuwa mahali pa kukutana na sura mpya usiku mmoja. Surma alishiriki mwaka 2019. Mwaka huo huo alishinda Conan Osiris na wimbo "Telemóveis", ambao hadi leo sijasikia unaofanana nao. MARO alikuja 2022, iolanda 2024. Mwaka 2025 walishinda NAPA, bendi ya Madeira, na wimbo "Deslocado". Neno hilo ndilo linalotumika Ureno kwa mwanafunzi anayesoma mbali na kwao, na wimbo unazungumzia kijana wa kisiwani aliyehamia mjini lakini moyo haukuhama. Kwenye Eurovision huko Basel walishika nafasi ya 21 tu, lakini nyumbani wimbo ulipendwa kupita nafasi hiyo mara nyingi. Mtu yeyote aliyetoka Pemba, Mafia au Ukara akaenda kusoma bara atauelewa bila tafsiri.

Ushauri wangu: usiangalie mshindi peke yake. Chukua orodha nzima ya washiriki wa mwaka mmoja, na zaidi ya waimbaji, soma majina ya watunzi. Hao watunzi ndio wenye bendi.

Lisbon ya Kiafrika

Ramani ikiishia hapa itakuwa ya uongo. Lisbon ni mji wenye watu wengi wenye asili ya Angola, Cape Verde, Guinea-Bissau, Msumbiji na São Tomé, na kwa muda mrefu muziki wao ulihesabiwa kando, kana kwamba si wa Ureno. Buraka Som Sistema walianza 2006, jina lao likitokana na Buraca, kitongoji cha Amadora, wakaichukua kuduro, muziki wa dansi wa Luanda, wakaipeleka kwenye majukwaa ya dunia kwa albamu "Black Diamond" ya 2008. Lebo ya Príncipe inatoa kazi za madijei wa vitongoji, watu kama DJ Marfox na Nídia. Midundo yao ina mkato unaokuacha mguu hewani. Dino D'Santiago, aliyezaliwa Quarteira kwa wazazi wa Cape Verde, alitoa "Mundu Nôbu" mwaka 2018 akichanganya Krioli na Kireno. Slow J wa Setúbal akatoa "Afro Fado" mwaka 2023, na jina lenyewe linasema alichokifanya.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu orodha nyingi za "bendi mpya za Ureno" huwataja vijana wenye magitaa tu. Aliyeziandika amesahau nusu ya mji.

Adufe na dufu

Wimbi jipya kabisa linarudi kijijini. Ana Lua Caiano, aliyetoa "Vou Ficar Neste Quadrado" mwaka 2024, husimama peke yake jukwaani na ngoma kubwa ya kijijini, sinthesaiza na kifaa cha kurudiarudia sauti, akajijengea kwaya ya wanawake kutokana na koo moja. Bandua wanachota nyimbo za Beira Baixa, eneo la ndani karibu na mpaka wa Hispania, na kuzizamisha ndani ya midundo ya elektroniki. Kutoka Beira Baixa inatoka adufe, ngoma ya mraba iliyowambwa ngozi pande zote mbili, inayopigwa kwa mikono, zaidi na wanawake. Idanha-a-Nova, kitovu chake, iliingia katika miji bunifu ya muziki ya UNESCO mwaka 2015.

Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilisimama. Adufe imetoka Kiarabu, duff, na dufu letu, lile la maulidi ya pwani, limetoka hapo hapo. Neno moja liliondoka Arabuni, likaenda magharibi hadi milima ya Ureno na kusini hadi Lamu na Unguja, na pande zote mbili likabaki mkononi. Na si hilo tu. Sikiliza nyimbo hizi kwa makini na utaokota meza katika mesa, bendera katika bandeira, leso katika lenço, mvinyo katika vinho, kasha katika caixa. Wareno waliyaacha maneno hayo pwani kwetu pamoja na ngome na majeraha. Kuyasikia ndani ya wimbo wa mapenzi wa mwaka huu ni jambo ambalo bado linanigusa.

Mahali pa kuanzia leo

Redio ya kusikiliza kupitia intaneti ni Antena 3, idhaa ya umma ya vijana, iliyopo tangu 1994. Huhitaji kuelewa watangazaji. Wimbo ukikushika, angalia jina, kisha tafuta lebo. Kwenye Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, unaweza kutafuta kwa jina la mji: andika Leiria, Barcelos, Porto, Setúbal, na ununue moja kwa moja kwa bendi, maana pesa kidogo ya msikilizaji wa mbali inaonekana kwao. Fuata pia ratiba za kumbi ndogo, kama ZDB ya Bairro Alto, Lisbon, iliyoanza 1994, na Maus Hábitos ya Porto. Bendi huonekana hapo mwaka mmoja au miwili kabla ya kufika Paredes de Coura, tamasha la kaskazini lililopo tangu 1993. Kwa upande wa vijiji, mkusanyiko wa video wa "A Música Portuguesa a Gostar Dela Própria", ulioanzishwa 2011 na Tiago Pereira, una maelfu ya watu wakiimba jikoni, shambani na barazani.

Lakini kama una jioni moja tu, tafuta ratiba ya Bons Sons. Ni tamasha la kijiji cha Cem Soldos, karibu na Tomar, lililoanza mwaka 2006. Kijiji kinafungwa kwa uzio, majukwaa yanawekwa uwanjani, kanisani na kwenye vichochoro, na wanakijiji wenyewe ndio wanaohudumia wageni. Wanaopanda jukwaani ni wa muziki wa Ureno peke yake: fado, panki, kwaya za wazee, elektroniki, hip hop, adufe. Chukua orodha ya mwaka wowote, funika majina unayoyajua kwa kidole, na uanze na la kwanza lililobaki. Andika mji aliotoka. Andika lebo. Kesho yake ingia kwenye lebo hiyo.